Uwezo wa Kiswahili Kueleza Sayansi ya Seli: Mfano wa Kikoa cha SH2 na Vipokezi Vilivyofosforishwa

Utangulizi

Kwa muda mrefu, mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kuwa chombo cha maarifa ya sayansi umeendeshwa kwa hoja za jumla. Wapo wanaodai kwamba lugha hii haijakomaa kiistilahi, na wapo wanaowajibu kwamba lugha yoyote inaweza kueleza jambo lolote, mradi wasemaji wake wawe na nia. Hoja zote mbili zina udhaifu mmoja: aghalabu haziandamani na mfano uliofafanuliwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayeukana uwezo wa Kiswahili hataji dhana mahususi iliyoshindikana, naye anayeutetea haonyeshi dhana iliyofaulu.

Makala haya yananuia kuchangia mjadala huo kwa njia tofauti. Yanateua dhana moja ya biolojia ya molekuli, yanaieleza kwa Kiswahili, kisha yanarejea nyuma kuchunguza ni wapi lugha imekidhi haja na ni wapi imehitaji kuundiwa zana mpya. Dhana yenyewe ni jinsi protini viunganishi zinavyovishika vipokezi vya seli vilivyotiwa alama ya fosfeti. Dhana hii imeteuliwa kwa sababu haimo katika tajriba ya kila siku. Mkulima hana jina lake, mvuvi hana jina lake, na hakuna jicho tupu lililowahi kuiona. Ikiwa Kiswahili kitaimudu, basi dai kwamba lugha hii inafaa mambo ya shambani na sokoni pekee litakuwa limepungukiwa na ithibati.

Tatizo linaloikabili seli

Seli imezungukwa na utando ambao hauruhusu kila kitu kupita. Hata hivyo, seli haina budi kupata habari za nje: iwapo wakati wa kugawanyika umefika, iwapo kuna jeraha la kuzibwa, au iwapo kuna adui mwilini. Habari hizo huletwa na molekuli ambazo nyingi haziwezi kuupenya utando. Swali basi ni hili: ujumbe unaingiaje ilhali mjumbe anabaki nje?

Jibu linapatikana kwa vipokezi. Kipokezi ni protini iliyoupenya utando, ikawa na sehemu moja nje ya seli na nyingine ndani. Mfano uliochunguzwa sana ni kipokezi cha EGF, yaani protini ndogo inayochochea ukuaji wa seli za ngozi na nyinginezo. EGF ilitambuliwa na Stanley Cohen, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. EGF inapokishika kipokezi chake upande wa nje, vipokezi viwili huungana na kuwa jozi. Katika jozi hiyo, kila kipokezi hutia alama kwenye mkia wa mwenzake ulio ndani ya seli. Alama hiyo ni kikundi cha fosfeti kinachochukuliwa kutoka kwa molekuli iitwayo ATP na kupachikwa kwenye asidi amino iitwayo tairosini.

Kufikia hapo, jambo moja tu limetendeka: mkia wa kipokezi umepata alama. Lakini alama isiyosomwa na yeyote haina ujumbe. Lazima pawepo kitu ndani ya seli kinachoweza kutofautisha tairosini yenye fosfeti na ile isiyo nayo, kisha kikatenda kulingana na tofauti hiyo. Kitu hicho ndicho kikoa cha SH2.

Historia fupi ya ugunduzi

Historia ya kikoa hiki inaanzia kwa kuku. Mwaka wa 1911, Peyton Rous wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York alionyesha kwamba uvimbe wa saratani wa kuku ungeweza kuambukizwa kuku mwingine kwa kutumia majimaji yaliyochujwa yasibakie seli yoyote. Baadaye ilibainika kwamba kisababishi kilikuwa kirusi, na kwamba kirusi hicho kilibeba jeni iliyoitwa src. Rous alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1966, zaidi ya nusu karne baada ya kazi yake.

Mwaka wa 1979, Tony Hunter na wenzake katika Taasisi ya Salk, California, waligundua kwamba fosfeti huweza kupachikwa kwenye tairosini. Hapo awali, ilijulikana kuwa fosfeti hupachikwa kwenye serini na threonini. Muda mfupi baadaye ilithibitishwa kuwa protini ya Src hufanya kazi iyo hiyo. Tairosini yenye fosfeti ni adimu mno katika seli ya kawaida. Haifikii asilimia 1 ya fosfeti zote zilizopachikwa kwenye protini. Uadimu huu una maana. Alama inayotumiwa kwa nadra huonekana kwa urahisi pale inapotokea.

Mwaka wa 1986, Tony Pawson, akishirikiana na Ivan Sadowski na James Stone nchini Kanada, alieleza sehemu ya protini yenye takribani asidi amino 100 iliyokuwa ikijirudia katika protini kadhaa zilizofanana na Src. Sehemu hiyo haikuwa ile inayopachika fosfeti. Iliitwa SH2, kwa maana ya eneo la pili la mfanano na Src. Kufikia mwaka wa 1990, ilidhihirika kwamba kazi ya eneo hilo ni kuzishika protini nyingine pale zinapokuwa na tairosini iliyofosforishwa. Leo inajulikana kwamba protini za binadamu zipatazo 110 zina kikoa hiki. Pawson alifariki mwaka wa 2013, baada ya kutunukiwa Tuzo ya Kyoto mwaka wa 2008.

Jinsi kikoa cha SH2 kinavyoshika

Umbo la kikoa hiki lilifichuliwa mwaka wa 1992 na kundi la John Kuriyan katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, taasisi ile ile alikofanyia kazi Rous miaka 81 kabla yake. Katikati ya kikoa kuna vipande vya protini vilivyolazwa sambamba mithili ya chane za mkeka, na kila upande kuna msokoto mmoja. Juu ya umbo hilo kuna mashimo mawili.

Shimo la kwanza ni la fosfeti. Ndani yake, chini kabisa, kuna asidi amino iitwayo arjinini yenye chaji chanya. Fosfeti ina chaji hasi. Kwa hiyo viwili hivyo huvutana. Kina cha shimo hilo ni muhimu. Tairosini ni ndefu kiasi cha kuifikisha fosfeti hadi kwa arjinini, ilhali serini na threonini ni fupi na fosfeti zake haziwezi kufika. Kwa njia hiyo, kikoa hubagua aina ya alama kwa kutumia urefu tu. Arjinini hiyo ikibadilishwa, kikoa hupoteza uwezo wake wa kushika.

Shimo la pili husoma muktadha. Kikoa hakiridhiki na fosfeti pekee. Hukagua pia asidi amino chache zinazofuata baada ya tairosini. Kikoa cha Src hupendelea isolusini katika nafasi ya tatu baada ya tairosini, nacho kikoa cha protini iitwayo Grb2 huhitaji asparajini katika nafasi ya pili. Hivyo, ingawa vikoa vyote husoma alama ile ile, kila kimoja huisoma mahali pake.

Mwanafunzi wa isimu hatashindwa kuona ulinganifu hapa. Katika fonolojia, badiliko la fonimu moja hutosha kuzalisha neno jingine, kama inavyodhihirika katika jozi ya "pata" na "bata". Mwaka wa 1994, kundi la Pawson lilionyesha kwamba kubadilisha asidi amino moja katika kikoa cha Src, kwa kuiondoa threonini na kuweka triptofani, kulitosha kukifanya kikoa hicho kiwe na upendeleo wa aina ya Grb2. Kipashio kimoja kilibadilika, na maana nzima ikabadilika.

Kutoka kwenye utando hadi kwenye kiini: mfano wa Grb2

Grb2 ilielezwa mwaka wa 1992. Ni protini ndogo yenye asidi amino 217, na muundo wake ni sahili: kikoa kimoja cha SH2 katikati na vikoa viwili vya SH3 pembeni. Haina uwezo wa kimeng'enya. Haipachiki fosfeti, haiiondoi, wala haivunji chochote. Kazi yake yote ni kushika huku na huku.

Kwa vikoa vyake vya SH3, Grb2 huishika protini iitwayo Sos, ambayo ina sehemu zenye prolini nyingi. Kwa kikoa chake cha SH2, hukishika kipokezi cha EGF kilichofosforishwa. Matokeo yake ni kwamba Sos, iliyokuwa ikielea ndani ya seli, huletwa karibu na utando. Kwenye utando ndiko iliko Ras, protini ambayo huwa imezimwa inapobeba GDP na huwashwa inapobeba GTP. Sos huisaidia Ras kuiachilia GDP na kuipokea GTP. Ras ikishawashwa, huanzisha mfululizo wa vimeng'enya vitatu, yaani Raf, MEK na ERK, na ERK huingia katika kiini cha seli na kubadilisha usomaji wa jeni.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Grb2 haikuibadilisha Sos kwa namna yoyote kubwa, iliihamisha tu. Katika seli, mahali kitu kilipo ni sehemu ya maana yake. Mpangilio huu si wa binadamu pekee. Mnyoo mdogo aitwaye C. elegans ana protini ya jinsi hiyo iitwayo Sem-5, na nzi wa matunda anayo iitwayo Drk. Vikoa ni vile vile vitatu, kwa utaratibu ule ule.

Uteuzi wa istilahi

Baada ya maelezo hayo, yafaa kuuliza ni istilahi zipi zilizotumika na kwa misingi gani. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka wa 1990. Haingetarajiwa kubeba dhana ambazo maabara zenyewe zilikuwa zikiendelea kuzichunguza. Kwa hiyo mwandishi wa leo hulazimika kuteua na wakati mwingine kuunda.

Istilahi za kundi la kwanza zimetoholewa: protini, tairosini, arjinini, fosfeti. Haya ni majina ya vitu, na utohozi unafaa kwa kuwa unahifadhi uhusiano na matumizi ya kimataifa. Faida kubwa zaidi huonekana neno lililotoholewa linapokubali unyambuaji wa Kiswahili. Kitenzi "fosforisha" kinazaa "fosforishwa", "fosforishana", "ufosforishaji" na "kifosforishi". Neno "fosforishana" linastahili kuangaliwa kwa makini. Linaeleza kwa neno moja kitendo cha vipokezi viwili vilivyo katika jozi kutiana alama. Kauli ya kutendana imebeba hapa dhana ambayo lugha nyingine huhitaji kirai kizima kuieleza.

Kundi la pili linahusu vimeng'enya vinavyopachika fosfeti. Ingewezekana kutohoa na kupata "kinasi". Hata hivyo, neno hilo lina kasoro. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, "kinasi" linakaribiana mno na "kinasa", na litamfanya mwanafunzi adhani kwamba kimeng'enya hicho kinanasa kitu. Katika mfumo huu kinachonasa si kimeng'enya hicho bali ni kikoa cha SH2. Istilahi inayoelekeza fikra upande usiofaa ni mbaya kuliko kutokuwa na istilahi. Kwa sababu hiyo, "kifosforishi" linafaa zaidi. Vimeng'enya vinavyoiondoa fosfeti vinaweza kuitwa "viondoa-fosfeti", kwa muundo ule ule wa "kipaza-sauti".

Kundi la tatu ni la maneno yaliyopanuliwa maana. "Kikoa" lilikuwa na maana ya watu kula pamoja kwa zamu, kisha likatumiwa katika istilahi za intaneti. Hapa linatumika kwa sehemu ya protini inayojikunja yenyewe na yenye kazi yake mahususi. "Kiunganishi" ni neno linalofahamika kwa kila mwanafunzi wa sarufi. Huenda pakawa na pingamizi kwamba neno hilo tayari lina kazi, lakini pingamizi hilo halina uzito. Neno "mzizi" hutumiwa na mtaalamu wa mimea, wa hisabati na wa mofolojia, na hakuna anayechanganyikiwa. Isitoshe, ulinganifu ni wa kufaa: kiunganishi cha kisarufi hakiongezi tukio jipya katika sentensi, bali huweka vishazi viwili katika uhusiano. Grb2 hufanya vivyo hivyo.

Sitiari zinazofaa na zinazopotosha

Ufundishaji wa sayansi hutegemea sitiari, na hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi ana mchango ambao mwanasayansi hana budi kuuhitaji. Sitiari iliyozoeleka ni ya kufuli na ufunguo. Inaeleza vyema ulinganifu wa maumbo, lakini inapotosha katika mambo mawili. Kwanza, ufunguo hufungua kufuli, ilhali kikoa cha SH2 hakifungui chochote katika kipokezi. Pili, inadokeza mshiko imara. Ukweli ni kwamba kikoa hushika na kuachia, kushika na kuachia, na udhaifu huo ni sehemu ya kazi yake. Mwaka wa 2012, watafiti nchini Kanada walitengeneza kikoa chenye mabadiliko matatu kilichoshika fosfotairosini kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kilipowekwa ndani ya seli, ujumbe wa kipokezi cha EGF ulizuiwa. Aliyeshika asiachie aliwanyima wengine nafasi.

Sitiari ya pili ni ya upatanisho wa kisarufi. Katika sentensi "Kitabu kile kizuri kimepotea", kiambishi cha nomino huamua ni viambishi vipi vitakavyoandamana nayo. Vivyo hivyo, alama kwenye kipokezi huamua ni protini zipi zitakazokusanyika. Sitiari hii ina nguvu kwa sababu inaonyesha alama moja ikitawala mkusanyiko mzima. Lakini nayo ina mpaka wake. Upatanisho ni wa lazima na hunakili umbo. Katika seli, kikoa hakinakili fosfeti, na mshiko hutegemea uwezekano na wingi wa protini zilizopo.

Sitiari ya tatu, ambayo pengine ndiyo inayofaa zaidi, ni ya mshenga. Mshenga hutumwa kuunganisha pande mbili. Haoi yeye. Hufika pale tu penye dalili kwamba mlango uko wazi, na kazi yake ikiisha huondoka, nao wahusika wakabaki na mambo yao. Grb2 huja pale penye fosfeti, huileta Sos karibu na Ras, na alama ikiondolewa hujitenga. Upungufu wa sitiari hii ni kwamba mshenga ana nia na busara, ilhali protini haina. Mwalimu anayeitumia anapaswa kuutaja upungufu huo waziwazi, la sivyo mwanafunzi atabaki akidhani kwamba molekuli hufikiri.

Uzito wa suala hili

Yanaweza kuonekana haya kuwa mambo ya maabara tu. Sivyo. Katika aina moja ya saratani ya damu, iitwayo lukemia sugu ya mieloidi, jeni mbili huungana isivyo kawaida na kuzalisha protini BCR-ABL, ambayo ni kifosforishi kisichozimika. Protini hiyo hufosforishwa kwenye tairosini ya 177, na Grb2 huishika hapo na kuiwasha Ras bila ujumbe wowote kutoka nje. Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2001, hukizuia kifosforishi hicho. Alama haiandikwi tena, na Grb2 inakosa cha kusoma.

Mfano wa pili una uhusiano na Afrika Mashariki. Mwaka wa 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa mataya uliowapata watoto wa Uganda. Kutokana na sampuli za uvimbe huo, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka wa 1964 kirusi kinachojulikana kama Epstein-Barr. Watu wengi hukibeba bila madhara makubwa. Hata hivyo, wapo wavulana ambao maambukizi ya kirusi hicho huweza kuwaua kwa kuvuruga kinga yao. Mwaka wa 1998 iligunduliwa kwamba jeni iliyoharibika kwa wavulana hao hutengeneza protini ya SAP yenye asidi amino 128, ambayo takribani yote ni kikoa kimoja cha SH2. Protini hii ina sifa ya ziada: huweza kukishika kipokezi kiitwacho SLAM hata pasipo fosfeti. Kama ilivyo katika sarufi, kanuni hii nayo ina vighairi vyake.

Mzazi anayeelezwa ugonjwa wa mwanawe kwa lugha asiyoielewa hana uwezo wa kuuliza swali. Mgonjwa asiyefahamu kwamba dawa yake huzuia alama isiandikwe, na kwamba alama huweza kurejea dawa ikiachwa, anaweza kuiacha pindi anapojihisi nafuu. Hapo ndipo istilahi inapokoma kuwa suala la kamusi na kuwa suala la uhai.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba dhana ngumu ya biolojia ya molekuli inaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupoteza usahihi wake. Yamebainisha pia kwamba ufanisi huo haupatikani kwa kutohoa maneno kiholela. Unahitaji mambo matatu: kuielewa dhana yenyewe kwanza, kuteua istilahi zinazonyambulika na zisizopotosha, na kuzipima sitiari kabla ya kuzikabidhi kwa mwanafunzi.

Kazi hii haiwezi kufanywa na mwanasayansi peke yake, wala na mwanaisimu peke yake. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo itabaki kwenye karatasi iwapo idara za Kiswahili na idara za sayansi, ambazo mara nyingi hutenganishwa na ua mmoja tu wa chuo, hazitaketi pamoja. Wanachama wa vyama vya Kiswahili wanaweza kuanza kwa hatua ndogo: kila mmoja ateue dhana moja ya sayansi, aielewe vyema kwa msaada wa mwenzake anayeisomea, aieleze kwa Kiswahili katika kurasa chache, kisha aiwasilishe mbele ya wenzake ihakikiwe. Hoja kuhusu uwezo wa lugha hii itajibiwa kwa maelezo ya jinsi hiyo yakirundikana, moja baada ya jingine.